Arobaini ya ugenini: mwongozo kwa anayejifungua Ujerumani bila mama wala shangazi

Jioni ya siku niliyojifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Hamburg, mhudumu wa wodi aliniletea chakula cha usiku: vipande vitatu vya mkate mweusi, jibini, siagi, tango lililokatwa na chai ya mnanaa. Ndicho wanachokula wenyewe jioni, na alikiweka kwa upole. Mimi mwili ulikuwa unatetemeka, na nilichokitamani ni uji wa moto wa pilipili manga, ule ambao kwetu Tanga mzazi hauombi. Anauona tu umefika, bakuli limefunikwa kwa kisahani.

Arobaini kwetu ni watu. Mama anakanda, shangazi anapika, mdogo wako anafua, jirani anapokea wageni sebuleni ili wewe ulale. Watu hao wakiwa maili elfu kadhaa mbali, kazi zao hazipungui hata moja, na zote zinakuangukia wewe na mwenzako katika wiki ambayo hamjalala. Ndiyo maana nasema arobaini ya ugenini hupangwa kama harusi, kwa tarehe na majina ya watu, na maandalizi yake huanza mimba ikiwa bado changa. Nimeandika kwa Ujerumani kwa sababu ndiko ninakokujua.

Mkunga kwanza, kabla ya nguo za mtoto

Hapa mkunga, Hebamme, si wa hospitali peke yake. Bima ya afya ya umma inamlipa akufuate nyumbani: kila siku katika siku 10 za mwanzo ikihitajika, kisha kwa miadi hadi mtoto afikishe wiki 12. Anampima mtoto uzito kwenye mzani anaokuja nao, anaangalia mshono wako, anabonyeza tumbo kujua kama kizazi kinarudi mahali pake, anakaa kitandani kando yako kuona mtoto anavyoshika chuchu. Hiyo ni nusu ya kazi ambayo mama yako angeifanya, na hulipi hata senti.

Shida ni kumpata. Katika miji mikubwa wakunga hawatoshi na daftari zao hujaa mapema mno. Mimi nilianza kutafuta mimba ikiwa na wiki 22, nikajibiwa mara kumi na nne kwamba nafasi zimejaa kabla mmoja hajanikubali. Usingoje hivyo. Anza wiki ileile kipimo kinapoonyesha mistari miwili, hata kabla hujamwambia mama mkwe. Andika ujumbe mmoja mfupi wa Kijerumani, uutume kwa wakunga wote wanaohudumia mtaa wako: tarehe unayotarajia kujifungua, mtaa, namba ya simu, aina ya bima, na sentensi moja kwamba ni mtoto wa kwanza na huna ndugu karibu. Sentensi hiyo usiione aibu kuiandika. Mkunga wangu aliniambia ndiyo iliyomfanya anipigie. Bima yako nayo ina orodha ya wakunga, ipigie simu uiombe.

Kliniki

Daktari wa wanawake atakupa Mutterpass, kijitabu kinachofanya kazi ya kadi ya kliniki. Tembea nacho kwenye mkoba hata ukienda sokoni. Utaonwa kila baada ya wiki nne, na miezi miwili ya mwisho kila baada ya wiki mbili. Picha za tumbo ambazo bima inalipia ni tatu, na nyingine utakazoambiwa ulipie mwenyewe si za lazima isipokuwa daktari aone sababu ya kiafya.

Jambo moja ulitaje wewe mwenyewe bila kuulizwa: sikoseli. Huku si ugonjwa wa wenyeji, na daktari anaweza asiuwaze. Omba mpimwe, wewe na baba wa mtoto. Tangu Oktoba 2021 watoto wote wanaozaliwa Ujerumani hupimwa sikoseli kwa tone la damu ya kisigino, siku ya pili au ya tatu, pamoja na maradhi mengine ya kurithi. Lakini ni heri kujua mapema kama nyote wawili mmebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo.

Vyeti: hapa ndipo wengi wetu hukwama

Mtoto lazima aandikishwe Standesamt, ofisi ya vizazi na ndoa, ndani ya wiki moja. Kwa kawaida hospitali inapeleka taarifa yenyewe, ila vyeti ni juu yenu: vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wote wawili, cheti cha ndoa kama mmeoana, pasipoti, na tafsiri ya kila kimoja iliyofanywa na mfasiri aliyeapishwa. Ikiwa ulizaliwa nyumbani na hukuwahi kuchukua cheti, anza na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, sasa hivi, mimba ikiwa na miezi mitatu. Ikiwa ndoa ilifungwa msikitini au kanisani na cheti cha serikali hakikufuatwa, kwa macho ya ofisi hamjaoana, na baba hatambuliki kisheria hata kama mnaishi nyumba moja na mahari yalitolewa mbele ya ukoo mzima.

Dawa yake ni rahisi mkiiwahi. Nendeni Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto, kabla ya kujifungua. Baba akubali ubaba kwa maandishi, na hapohapo msaini tamko la malezi ya pamoja. Ni bure. Bila karatasi ya pili, mama peke yake ndiye mwenye mamlaka juu ya mtoto.

Vyeti vya kwetu mara nyingine hupelekwa kuhakikiwa nyumbani, na uhakiki huchukua miezi. Sisi tulisubiri. Tulichopewa wakati huo ni nakala ya rejista ya vizazi yenye maandishi kwamba utambulisho wa wazazi haujathibitishwa. Niliposoma maneno hayo nililia, kana kwamba mtoto si wetu. Kumbe karatasi ile ina nguvu ya kisheria: kwayo tuliomba fedha za mtoto na kibali chake cha kuishi. Ukipewa, ipokee na uendelee na mambo mengine.

Kaeni pia mzungumze jina. Kwetu jina la kwanza ni la mtoto, la pili la baba yake, la tatu la babu, na mama habadilishi la kwake. Huku wanataka jina la ukoo, na watawauliza ni lipi ukiwa bado na dripu mkononi. Amueni mkiwa na akili zenu, mwandike herufi kwa herufi kwenye karatasi, muiweke ndani ya Mutterpass. Kosa la herufi moja huchukua miezi kurekebisha.

Kazini na mfukoni

Ukiwa umeajiriwa, sheria inakupumzisha wiki 6 kabla ya tarehe ya kujifungua na wiki 8 baada yake. Mtoto akizaliwa njiti, au wakiwa mapacha, wiki 8 zinakuwa 12. Katika muda huo bima hulipa hadi euro 13 kwa siku na mwajiri hujazia ifike mshahara wako wa kawaida. Tangu mimba hadi miezi 4 baada ya kujifungua huwezi kuachishwa kazi kirahisi, kwa hiyo mwambie mwajiri mapema bila hofu, hasa kama kazi yako ni ya zamu za usiku au ya kunyanyua wagonjwa. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee, na kunyanyua mtu mzima na mimba ni hatari.

Baba ana haki yake pia. Likizo ya uzazi, Elternzeit, inaombwa kwa mwajiri wiki 7 kabla ya kuanza. Fedha ya malezi, Elterngeld, ni kati ya euro 300 na 1,800 kwa mwezi kulingana na kipato. Kwa watoto waliozaliwa tangu Aprili 2024, baba na mama wanaweza kuichukua fedha hii kikamilifu kwa pamoja mwezi mmoja tu katika mwaka wa kwanza. Ushauri wangu: mwezi huo uwe wa kwanza. Usiutunze kwa safari ya nyumbani. Na msicheleweshe fomu, kwa sababu wanalipa nyuma miezi 3 tu. Kindergeld, posho ya mtoto, tangu Januari 2026 ni euro 259 kwa mwezi. Hizi zote zinategemea aina ya kibali chako cha kuishi, kwa hiyo ulizia ofisini ukiwa na kibali mkononi.

Halafu kuna fedha ambayo haiko kwenye fomu yoyote: ile unayotuma nyumbani. Waambie mapema, mimba ikiwa na miezi mitano hivi, kwamba mwaka ujao itapungua, na utaje kiasi. Ukinyamaza hadi mtoto azaliwe, kila simu ya pongezi itafuatwa na ombi, nawe utakuwa huna nguvu ya kueleza.

Kamati ya arobaini

Kuchangia tunakujua. Harusi ya mtu mmoja inaweza kuwa na mwenyekiti, mweka hazina na daftari la ahadi. Basi fanya hivyohivyo kwa mzazi. Mimi nilifungua kundi la WhatsApp mimba ikiwa na miezi saba, nikaweka watu tisa tu: Watanzania wawili, Wakenya watatu, dada mmoja wa Bujumbura, jirani yangu Mjerumani wa ghorofa ya chini, na wanawake wawili niliokutana nao kwenye darasa la wajawazito. Watu tisa wenye tarehe wanafaa kuliko sitini wenye pole.

Usiombe msaada kwa ujumla. Huku watu wanafanya kazi kwa zamu, na ahadi ya "nitakuja kukuona" haina siku. Uliza hivi: dada, Jumanne ya wiki ya pili uko zamu gani? Unaweza kuleta wali na mchuzi wa watu wawili saa kumi jioni? Kila mtu alichukua siku mbili au tatu, na kwa wiki tatu hivi mlo mmoja wa moto kwa siku ukawa umepatikana.

Nje ya chakula, kuna kazi nne zinazohitaji majina. Wa kwanza ni mwenye ufunguo wa nyumba, atakayeingia kuwasha joto na kuweka maziwa kwenye friji mkitoka hospitali. Wa pili ni wa kupiga simu kwa Kijerumani, kwa sababu ukiwa na usingizi lugha ya pili hupotea kabisa. Wa tatu ni wa kupokea simu usiku wa uchungu, ikiwa mumeo yuko safarini au mna mtoto mwingine wa kuachiwa mtu.

Wa nne ni wa kuzuia wageni, na huyu ndiye muhimu kuliko wote. Desturi yetu ni kwenda kumtazama mzazi, na mgeni kwetu hukaribishwa. Nyumbani anakaribishwa na shangazi. Huku atakaribishwa na wewe, ukiwa na mshono. Mwenye kazi hii awaandikie watu kwa heshima: njooni kuanzia wiki ya tatu, kaeni nusu saa, mje na chungu, na kabla ya kuondoka mtu aoshe vyombo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee, na mzazi ndiye hasa wa kuponywa.

Kama kamati haipatikani, au hali yako ni nzito, kuna mlango mwingine ambao watu wetu wengi hawaujui. Sheria ya bima ya umma inatoa msaidizi wa kazi za nyumbani, Haushaltshilfe, kwa mjamzito au mzazi asiyeweza kuendesha nyumba na ambaye hakuna mwingine nyumbani wa kumfanyia. Unahitaji barua ya daktari au mkunga na fomu ya bima yako. Iombe kabla.

Uji, na baba jikoni

Mfundishe mwenzako kupika uji wa mzazi kabla ya mwezi wa tisa. Wangu aliupika mara tatu nami nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Mara ya kwanza ulishika mabonge, kwa kuwa alitia unga kwenye maji yanayochemka. Mara ya tatu alikuwa anaukoroga kwanza kwa maji baridi, anautia polepole, mwiko hautulii, kisha pilipili manga iliyotwangwa, tui mwishoni na chumvi kidogo. Tulipima unga wa uji mmojammoja kwenye vifuko ishirini, kila kifuko na pilipili manga yake. Supu ya kuku tuliigandisha kwenye vikopo. Kwenye mkoba wa hospitali, pamoja na kanga mbili na nguo za mtoto, weka chupa ya chai tupu: mwenzako akija kukuona, ataijaza uji.

Huyuhuyu ndiye atakayekuwa nawe chumba cha kujifungulia. Pwani yetu mwanamume hakai pale, na wapo wanaoingia wakiwa na hofu hawaisemi. Ongeeni kabla. Mwambie unachotaka afanye: akukande kiuno, akupe maji, aseme na wakunga unapokuwa huna sauti. Akiona hataweza, mchague dada au rafiki, na hilo si kosa la mtu.

Siku kumi za kwanza, na mwili wa mtoto mweusi

Hapa nakwenda polepole, kwa sababu kuna mambo ambayo vijitabu vya hospitali haviyasemi.

Manjano. Watoto wengi hupata manjano siku za mwanzo, na kwenye ngozi nyeusi haionekani mapema. Tazama weupe wa macho na ufizi, ukiwa karibu na dirisha. Mtoto akiwa mlegevu, analala mno na hanyonyi, usingoje miadi.

Mabaka. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya bluu mgongoni au matakoni, na hufifia wakikua. Mtu asiyeyajua anaweza kudhani mtoto amepigwa. Kwenye uchunguzi wa pili wa mtoto, uitwao U2, kati ya siku ya 3 na ya 10, mwambie daktari ayaandike kwenye daftari la njano la mtoto, mahali na ukubwa wake. Mstari huo mmoja utakulinda siku mtoto atakapoanza chekechea.

Vitamini D. Jua la kaskazini ni dogo, na mtoto anahitaji kidonge au matone kila siku katika mwaka wake wa kwanza. Daktari anaandika, bima inalipa. Usiruke.

Daktari wa watoto mtafute kabla ya kujifungua, nao hujaa. U3, uchunguzi wa tatu, ni wiki ya 4 hadi ya 5.

Sasa ya nyumbani. Kukandwa na kufungwa tumbo kwa kanga, mimi nilifanyiwa na dada wa Mombasa aliyekuja siku ya sita, kwa maji ya vuguvugu, na mkunga alikuwepo akaangalia. Ukiwa umefanyiwa upasuaji, usikandwe tumbo bila ruhusa yake. Maombezi, adhana, kumfunika mtoto kwa kanga ya bibi, shika yote. Kuna mengine ya kuacha hata yakitoka kwa mtu unayempenda: asali kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba sumu inayolegeza misuli ya mtoto, maji kabla ya miezi sita, dawa au mafuta juu ya kitovu, ambacho kinataka ukavu tu, na wanja, ambao mara nyingi una madini ya risasi. Alale chali, kwenye kitanda chake, ndani ya mfuko wa kulalia badala ya blanketi, na chumba kisiwe cha moto hata kama nje kuna theluji.

Homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni ya hospitali siku hiyohiyo. Namba ya dharura ni 112. Jioni na mwisho wa wiki, kwa jambo lisilo la kufa na kupona, piga 116117.

Moyo

Siku ya tatu au ya nne huenda ukalia. Wazazi wengi hulia, maziwa yanaingia na mwili unabadilika. Kilio kikivuka wiki mbili, au ukiwa hulali hata mtoto akilala, au ukimwangalia mtoto huhisi kitu, mwambie mkunga kwa maneno hayohayo. Kwetu huwa tunasema amechoka, au amepatwa na jicho, na mtu anaachwa aumie. Ni ugonjwa, una tiba, na kuusema hakumfanyi mtu kunyang'anywa mtoto. Nawajua wanawake walionyamaza kwa hofu hiyo miezi mizima.

Kilichonisaidia mimi ni tofauti ya saa. Wakati wa baridi Tanga iko saa mbili mbele. Saa kumi alfajiri hapa, giza tupu, mtoto ananyonya, ni saa kumi na mbili kwa mama: ameshaswali na yuko jikoni. Tulikubaliana nimpigie saa hiyo. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaendelea kuchambua mchele. Mara nyingi hatukusema kitu.

Bibi aje lini

Karibu kila mtu anataka mama awepo siku ya kujifungua. Mimi nakushauri aje wiki ya nne, baba anaporudi kazini. Viza ya Schengen ni siku 90 kati ya 180, na mtoto akichelewa wiki mbili, siku hizo zimekwenda na kamati yako iko palepale inangoja kusaidia. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Wewe uchukue tamko la kumgharamia, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni. Miadi ya ofisi hiyo ndiyo hula muda, iombe mapema. Mama naye aoneshe kinachomrudisha: shamba, biashara, pensheni, wajukuu wengine.

Kabla hajafika, mwambie kuhusu asali na maji. Umwambie wewe, kwa simu, si mkwe wake, wala si mbele ya mkunga.

Karatasi za mtoto mwenyewe

Kwa bima ya umma, mtoto huingia kwenye bima ya mzazi bila malipo. Pasipoti ni ubalozini Berlin. Kama hazaliwi na uraia wa Ujerumani, kibali chake cha kuishi lazima kiombwe ndani ya miezi 6, hata kama pasipoti haijatoka. Anazaliwa Mjerumani ikiwa mmoja wenu ameishi hapa kihalali miaka 5 na ana kibali cha kudumu. Hiyo ni sheria ya Juni 2024. Kenya inakubali uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, Tanzania haiukubali kwa mtu mzima, kwa hiyo hifadhini vyeti vyake vyote.

Mkipanga kumpeleka nyumbani, kumbukeni kwamba BCG, chanjo ya kifua kikuu, haitolewi hapa kwa kawaida. Zungumzeni na daktari wa watoto wiki kadhaa kabla ya safari, na malaria muitaje hapohapo.

Wiki bibi anayoondoka

Wiki hii ni nzito kuliko ya kwanza, na hakuna anayeitarajia. Nyumba iliyokuwa na harufu ya vitunguu asubuhi inanyamaza. Andika tarehe ya ndege yake kwenye kundi la kamati tangu siku anapofika, na uombe watu wawili waje siku mbili zinazofuata. Kama wiki 12 hazijatimia, muombe mkunga aweke miadi wiki hiyo. Kabla mama hajafunga sanduku, mrekodi akimwimbia mtoto, sauti tu inatosha, na umwombe aonyeshe kwa mkono wake kiasi cha pilipili manga, kisha ukimimine kwenye kijiko ukipime. Cha mama yangu kilikuwa robo tatu ya kijiko cha chai kwa sufuria ndogo. Mume wangu ameandika hivyo kwa kalamu ya wino mlangoni mwa kabati la unga.